Shika mwenyewe: saa ya kwanza na simu ya kupangusa

Anayehama kutoka kitochi kwenda simu janja mara nyingi hukabidhiwa simu ikiwa imeshawashwa, imeshawekwa barua pepe, imeshawekwa WhatsApp, na hata picha ya kioo imeshachaguliwa. Aliyefanya hayo ni kijana wa dukani mwenye haraka, au mpwa aliyekuja likizo. Nia yao ni njema. Miezi michache baadaye simu inadai nenosiri la akaunti ambayo mwenye simu hajawahi hata kuisikia, mpwa kasharudi chuo na hakumbuki aliandika nini, na yule kijana hayupo tena pale dukani. Simu ya namna hiyo hufika kwenye meza za mafundi kila mara: kioo safi, betri imara, na haifunguki.

Kwa hiyo saa ya kwanza simu iwe mkononi mwa mwenyewe. Anayesaidia akae pembeni, aelekeze kwa mdomo, mikono yake aiweke mapajani. Kazi ya dakika kumi itachukua saa nzima, na hakuna saa nyingine itakayokulipa kama hiyo katika maisha yote ya simu.

Inaanzia dukani, kabla hela haijatoka mfukoni. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe. Simu ya laini mbili huonyesha mbili. Zilinganishe na zilizochapwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiwa Tanzania, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 na utajibiwa ni simu ya aina gani. Kenya namba ni 1555. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoshika, irudishe hapo hapo. Mwezi Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia Tanzania nzima, na walionunua bila kuangalia wakabaki na simu zinazowaka lakini hazikamati mtandao. Kenya ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 2012. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na nyuma yake andika IMEI kwa kalamu, kwa sababu siku simu ikiibwa utaulizwa namba hiyo, na simu ya kuibonyezea utakuwa huna.

Boksi likisema 4+64, ile 64 ndiyo nafasi ya kuweka picha na programu, na ile 4 ni kama meza ya kufanyia kazi: ikiwa pana, simu haigandi ukifungua mambo mawili kwa pamoja. Kuna maboksi yanayoandika 8 kwa tarakimu kubwa, kisha chini kwa maandishi ya sisimizi 4+4. Hiyo nne ya pili imekopwa kutoka kwenye nafasi ya picha na haina kasi ya nne halisi. Wewe hesabu nne ya kwanza tu. Na kwenye 64 usitegemee zote, maana mfumo wa simu wenyewe umeshakalia sehemu yake, mara nyingi zaidi ya GB 10.

Sasa laini. Trei yake iko ubavuni, ina tundu dogo la kuchomekea pini iliyomo kwenye boksi. Chini ya simu, karibu na tundu la chaji, kuna tundu jingine linalofanana nalo kabisa, nalo ni la maiki. Ukichomeka pini pale na kusukuma, simu itaendelea kuwaka na wewe utasikia vizuri, ila wa upande wa pili atakuwa anasema "haloo, haloo, sikusikii". Tofauti yake ni moja: tundu la trei limo ndani ya mstari mwembamba wa mstatili, ule ukingo wa trei yenyewe, na ukiupitishia ukucha unausikia. Pasipo na mstari usichome. Sukuma pini ikiwa imenyooka, bila kuilaza, mpaka trei ichomoze yenyewe, kisha ivute kwa vidole taratibu.

Simu za sasa hutumia laini ndogo kabisa, nano, milimita 12.3 kwa 8.8. Kadi nyingi za miaka ya karibuni zimeshachanjwa mistari ya vipimo vyote vitatu, unaivunja kwa kidole. Kama ya kwako haina mistari, usiikate kwa mkasi hata anayekata awe na mkono mwepesi kiasi gani. Ukingo uliokatwa hubaki na vijino, kadi inaingia kwenye trei kwa kulazimishwa, inanasa ndani, na siku ya kuitoa inang'oka na vile vijiti vidogo vya chuma vinavyosoma laini. Nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao wako wakubadilishie kadi. Namba inabaki ile ile. Faida nyingine ni kwamba kadi ya zamani sana inaweza isikamate 4G hata kama simu ina uwezo huo. Kwenye trei, kona ya kadi iliyokatwa ilingane na kona ya nafasi yake. Na uangalie nafasi ya pili: simu nyingi za bei ya kawaida huitumia kwa laini ya pili au kwa memori kadi, kimojawapo tu, kwa hiyo mwenye laini mbili aliyenunua pia memori kadi atalazimika kuchagua.

Ikishawaka, swali la kwanza ni lugha. Chagua ile unayoisoma bila kusita, si ile aliyoizoea anayekusaidia. Android, mfumo unaoendesha simu nyingi za namna hii, ina Kiswahili kizima, kuanzia Mipangilio mpaka maonyo ya usalama. Watu wengi huwekewa Kiingereza kwa sababu fundi ndicho anachokijua kwenye menyu, na matokeo yake ni kwamba kila onyo likitokea mwenye simu anabonyeza popote ili liondoke. Humo ndimo ruhusa za ovyo zinamoingilia. Kama umeshakabidhiwa ya Kiingereza, ile alama ya gurudumu lenye meno ndiyo Mipangilio. Shuka hadi Mfumo, kisha Lugha. Majina hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, lakini gurudumu halibadiliki.

Kisha itaomba mtandao. Ukipata waifai ya mtu unayemwamini, tumia hiyo, kwa sababu simu mpya huja na njaa: inapakua masasisho ya mfumo na ya programu zote zilizomo, na GB moja au mbili zinakwenda kabla hujapiga hata picha. Huna waifai, iambie iruke hatua hiyo. Simu itafanya kazi kwa bando la laini yako, na masasisho utayafanya siku ukifika penye mtandao wa bure.

Hapa ndipo pa kukaa kitako: akaunti ya Google. Fungua ya kwako, kwa jina lako, ukiandika mwenyewe hata kama kidole kinatafuta herufi moja moja. Tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli. Ukiteleza ukaandika mwaka wa juzi, Google itakuchukulia mtoto na akaunti itakuwa na masharti ya mtoto. Nenosiri likiwa maneno matatu ya Kiswahili yasiyohusiana, na tarakimu mbili, ni refu la kutosha na linakumbukika. Usitumie namba yako ya simu wala jina la mwanao, maana hizo ndizo za kwanza kujaribiwa. Inapouliza namba ya kurejeshea akaunti, weka laini yako iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole, si ya mpwa. Maliza kwa kuandika kwenye daftari anwani nzima pamoja na @gmail.com, na nenosiri vile vile lilivyo, herufi kubwa ikiwa kubwa na ndogo ikiwa ndogo. Daftari likae ndani, na nyaraka za nyumba.

Sababu ya kusisitiza hivi ni kufuli lililomo ndani ya Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015. Simu ikifutwa kwa nguvu kwa kubonyeza vitufe, ikiwaka tena inadai akaunti ile ile iliyokuwamo. Liliwekwa kwa ajili ya wezi, na ni jema, ila halijui kumtofautisha mwizi na mama aliyesahau. Fundi mwaminifu atakudai risiti na boksi kwanza, na hata hapo si kila simu inafunguka. Kuna pia tabia ya kuwasha simu nyingi kwa barua pepe moja ili wateja waondoke haraka. Dalili yake ni majina ya watu usiowajua kuibuka kwenye simu yako. Ujue na ya kwako yanaibuka kwao. Ukiliona hilo, nenda Mipangilio, Akaunti, ondoa hiyo, weka yako, leo hii. Na ukinunua ya mtumba, mwambie anayeuza aiondoe akaunti yake mbele ya macho yako kabla hamjapeana hela.

Baada ya akaunti, kufuli la kioo. PIN ya tarakimu sita inatosha. Mchoro haufai sana, kwani mafuta ya kidole huacha njia yake kwenye kioo na ukikiinamisha kwenye mwanga unausoma. Alama ya kidole weka, tena weka vidole viwili, cha mkono wa kulia na cha kushoto, kwa sababu kuna siku utakuwa unamenya muhogo. Lakini kidole hakiondoi haja ya PIN. Simu ikizimwa na kuwashwa itadai PIN kwanza, na hata isipozimwa itaidai angalau mara moja kila baada ya saa 72. Wanaofungua kwa kidole mwezi mzima ndio wanaoisahau. Dawa ni kuzima na kuwasha simu kila Jumapili na kuiandika kwa mkono.

Kuna kufuli la pili ambalo wachache huliweka, nalo ni PIN ya laini yenyewe. Mwizi akishindwa kufungua simu yako hasumbuki. Anachomoa laini, anaiweka kwenye kitochi chake, na kuanzia hapo kila namba ya uthibitisho inaingia kwake. Iko Mipangilio, Usalama, Kufuli la SIM. Itauliza PIN ya awali iliyokuja na kadi, ile iliyochapwa kwenye fremu ya plastiki, kisha unaibadilisha. Usiibahatishe. Ukikosea mara tatu inadai PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara kumi kadi imekufa. Kama fremu ulishaitupa, piga huduma kwa wateja kwanza.

Majina. Kwenye kitochi mengine yako kwenye simu na mengine kwenye laini, na mwenyewe hajui yapi yako wapi. Kabla ya kuhamisha laini, ingia kwenye majina ya kitochi, tafuta amri ya kunakili, chagua kutoka simu kwenda SIM. Laini nyingi hubeba majina kama 250, na jina refu hukatwa, hivyo "Mama Asha wa duka la dawa" atafika akiwa "Mama Asha wa du". Ukishaichomeka kwenye simu mpya, fungua Anwani, ingia kwenye mipangilio yake, chagua kuingiza kutoka SIM, na inapouliza yahifadhiwe wapi, jibu akaunti ya Google. Hapo watu huteleza kwa kuchagua simu. Yaliyo kwenye simu yanakufa na simu. Yaliyo kwenye akaunti yanarudi yenyewe kwenye simu ya tatu na ya nne. Majina mapya pia yaandikwe na +255 au +254 badala ya sifuri ya mwanzo. Ukivuka mpaka, namba yenye sifuri haipigiki, lakini yenye alama ya kujumlisha inapigika popote.

Ujumbe mfupi wa zamani hauhami na laini. Kama una meseji za miamala unazozihitaji kwa ushahidi, kichaji kitochi na ukitunze.

Sasa swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza: pesa imebaki kwenye kitochi? Haikubaki. Pesa ya M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo haikai kwenye simu wala kwenye laini. Iko kwenye vitabu vya kampuni, na laini ni ufunguo tu. Kwenye simu mpya fungua kipiga simu, andika *150*00# kama ulivyozoea kwa M-Pesa ya Tanzania, au *334# kwa ya Kenya, na menyu ni ile ile, namba ya siri ni ile ile, bila bando. Programu ya kampuni unaweza kuipakua baadaye ukitaka. Kwa anayeanza, menyu ya nyota na reli inatosha, nayo inafanya kazi hata pale intaneti inapokatika.

Kupokea simu ndiko kunakotoa jasho. Kitochi kilikuwa na kitufe cha kijani: bonyeza, ongea. Hapa simu inaita, duara la kijani linacheza, mtu analigusa, linacheza tena, analigonga kwa nguvu, simu inakatika, na anaamini imeharibika. Anayemfundisha na amwambie hivi: "Mama, hilo usilibonyeze, liburuze." Weka kidole juu ya duara, usikiinue, kivute kuelekea juu au pembeni kadiri mishale inavyoonyesha, ndipo uachie. Simu ikiwa imefunguliwa na unafanya jambo jingine, hutokea kibango kidogo juu chenye vitufe viwili, na hapo sasa ni kugusa, si kuburuza. Tofauti hiyo ndiyo inayochanganya. Mpigie mara ishirini mfululizo, kumi kioo kikiwa kimezimwa na kumi kikiwa kimewashwa, mpaka kidole kizoee bila kufikiri. Kioo kikavu, kidole kikavu. Chenye unga au maji hakisomeki.

Wakati wa kuongea kioo huzimika ukikiweka sikioni na kuwaka ukikiondoa. Kazi hiyo inafanywa na kihisi kidogo kilicho karibu na spika ya juu. Protekta ya bei rahisi isiyokatwa tundu pale hukiziba, na matokeo yake kioo kinabaki cheusi hata baada ya kuongea, huwezi kukata simu. Kabla ya kuambiwa ununue kioo kipya, bandua protekta ujaribu.

Chini ya kioo simu nyingi mpya hazina tena vile vitufe vitatu. Zinataka uburuze kidole kutoka ukingoni. Kwa anayeanza, rudisha vitufe: Mipangilio, Mfumo, Ishara, kisha Usogezaji, chagua vitufe vitatu. Cha katikati kinakurudisha nyumbani kutoka popote ulipopotea, na mtu akikijua hicho kimoja anaacha kuogopa. Maandishi nayo yakuze: Mipangilio, Skrini, Ukubwa wa maandishi. Wazee wengi huambiwa hawaiwezi simu kumbe hawaisomi tu.

Siku moja simu itaanza kuongea. Ukigusa kitu inakitaja kwa sauti, kinazungukwa na fremu ya rangi, na hakifunguki. Hii ni huduma ya wasioona, inaitwa TalkBack, na mara nyingi imejiwasha kwa sababu mtu alishika vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde tatu, mfano wakati wa kuichomoa mfukoni. Vishike tena viwili hivyo kwa sekunde tatu, itanyamaza. Ikigoma, kumbuka kwamba katika hali hiyo unagusa mara moja kuchagua, mara mbili haraka kufungua, na kioo kinasogea kwa vidole viwili. Kwa njia hiyo fika Mipangilio, Zana za ufikivu, uizime. Simu za namna hii hukaribia kufutwa kila kitu bure.

Na kuizima: kwenye nyingi mpya kitufe cha pembeni ukikishika kinaita msaidizi wa sauti badala ya kuzima. Shika hicho pamoja na cha kuongeza sauti. Ikiganda kabisa, shika cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa sekunde kumi hadi thelathini, itajiwasha upya bila kufuta chochote.

Bando sasa, maana hapa ndipo watu wanapoamini wameibiwa. GB iliyonunuliwa asubuhi inaisha mchana na mwenye simu "hajafanya kitu". Simu ndiyo iliyofanya. Kuna milango mitatu ya kufunga. Fungua Duka la Play, gusa picha yako juu kulia, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, na masasisho ya programu yawe kwa waifai tu. Fungua WhatsApp, Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, na kwenye upakuaji wa moja kwa moja kwa data ya simu ondoa alama zote. Kuanzia hapo video za kundi la ukoo zitakuja zikiwa na ukungu na utafungua unayoitaka. Kisha kwenye Mipangilio ya simu, Mtandao na intaneti, washa Kiokoa Data. Programu za video ziache zichezwe kwa ubora wa chini, kwa sababu video hula mamia ya MB kwa saa huku ujumbe wa maandishi ukila kiasi kisichoonekana. Ukilala, zima data. Vuta pazia la juu kwa kidole, gusa alama ya mishale miwili, imetulia.

Data ikikataa kabisa ilhali bando lipo, sababu ya kawaida kwenye simu iliyotoka nchi nyingine ni APN, yaani jina la mlango wa intaneti wa mtandao wako. Ingia Mtandao na intaneti, SIM, Majina ya milango, rudisha yale ya mwanzo, kisha uzime na kuwasha simu. Hilo likishindikana, watumie huduma kwa wateja ujumbe wakutumie mipangilio.

Betri haihitaji saa nane za chaji ya kwanza. Amri hiyo ni ya betri za nikeli za zamani. Hizi za lithiamu zinachajiwa kama kawaida tangu siku ya kwanza. Kinachoziua ni joto, kwa hiyo usiichaji chini ya mto wala kuiacha kwenye dashibodi ya gari juani. Ikikaa kati ya asilimia 20 na 80 muda mwingi, inadumu zaidi.

WhatsApp ikishawekwa, kabla ya salamu ya kwanza weka uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa PIN ya tarakimu sita, pamoja na barua pepe yako. Ukiisahau bila barua pepe utasubiri siku saba. Kisha jiwekee mwiko mmoja: namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe haitajwi kwa mtu, awe shemeji, mchungaji au anayedai kutoka ofisini. Atakayekuomba kwa lugha laini, "dada samahani nimeituma kwako kwa makosa", yuko mbioni kuihamisha WhatsApp yako kwenye simu yake, na baada ya dakika kumi ndugu zako wote watakuwa wanaombwa mkopo kwa jina lako. Ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe wa namna hiyo Tanzania utume 15040.

Programu za mikopo ya papo hapo zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yako, kataa. Ukichelewa kulipa ndizo zinazowapigia shemeji na bosi wako. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ya 2019, lakini majina yakishatoka kwenye simu yametoka.

Nakala ya WhatsApp na ya picha huenda kwenye akaunti ile ile ya Google yenye GB 15 za bure, zinazogawana barua pepe, picha na WhatsApp. Zikijaa, nakala husimama bila kelele nyingi. Kila baada ya mwezi ingia kwenye mipangilio ya soga uangalie tarehe ya nakala ya mwisho.

Ikifika siku ya kumpa mdogo wako simu hiyo ukanunue nyingine, usianze na kufuta. Angalia tarehe ya nakala, toa laini na memori kadi, ingia Mipangilio, Akaunti, gusa anwani yako, Ondoa akaunti, uandike PIN. Ndipo uende Mfumo, Chaguo za kubadilisha, Futa data yote. Ikiwaka tena na kuuliza lugha, usijibu. Mpe achague mwenyewe.